Hivi Pascal wa jeki, wa pembetatu na wa kompyuta ni mtu mmoja? Na mlima alipanda yeye au alimtuma shemeji?

TichaWaKujitolea:
Wakuu habari za jioni. Mimi nafundisha fizikia kwa kujitolea shule moja ya kata, kidato cha pili, ajira bado tunazisubiri kama wengine. Juzi tumefika kwenye kanieneo nikaandika ubaoni Pa, nikawaambia hiyo ni paskali, yaani nguvu ya newton moja iliyotandazwa kwenye mita moja ya mraba, jina la Mfaransa mmoja wa zamani. Nilitaka niendelee na mahesabu yangu kimyakimya ila kuna kabinti kanakaa dawati la mbele kakanyoosha kidole, "Ticha, ndo yule wa pembetatu ya namba? Kaka yangu anaisoma kidato cha tano." Nikasema ndiyo. Wa nyuma akadakia, mbona baba yake anasema Pascal ni lugha ya kompyuta waliyofundishwa chuoni. Nikasema... ndiyo pia. Mwingine akamalizia kwamba katekista wao alimtaja Pascal kwenye mambo ya kumwamini Mungu. Darasa zima likaanza kucheka, wanaona ticha kila kitu ndiyo tu.

Nikajitetea na stori ya mlima, kwamba Pascal alibeba mrija wa zebaki akapanda nao mlimani akaona zebaki inashuka, ndivyo nilivyofundishwa mimi. Nimerudi geto nikaanza kupekuapekua naona wanasema hakupanda mlima wowote, alimtuma shemeji yake! Sasa nina kipindi Alhamisi. Naombeni msaada, huyu mtu ni mmoja au ni ukoo? Na mlima ilikuwaje? Na kama kuna mtu ana namna ya kuwaonesha watoto hii kanuni yake bila maabara aseme, maana maabara yetu ni kabati moja na funguo aliondoka nayo mtu aliyehama.

kijiti_cha_mwisho:
Alimtuma shemeji hahahaa. Kumbe na Wazungu. Shemeji kaoa kwenu, mlima atapanda nani sasa?

mama_Nuru:
Ticha, mtu ni mmoja na wala hakufika miaka 40. Blaise Pascal, kazaliwa Clermont (leo Clermont-Ferrand, katikati ya Ufaransa) tarehe 19 Juni 1623, kafariki Paris 19 Agosti 1662. Ya kompyuta tu ndo siyo kazi yake, hiyo lugha aliitengeneza Mswisi, Niklaus Wirth, mwaka 1970, akaipa jina la Pascal kwa heshima. Kwa nini kompyuta na mtu wa karne ya 17 wapi na wapi, hiyo wataisema vijana humu.

Mlima sasa, hapa ngoja nikae vizuri maana hii stori naipenda na shuleni huwa wanaifupisha mpaka inakosa ladha.

Miaka ya 1640 Muitaliano Torricelli alichukua mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaujaza zebaki, akaziba mdomo kwa kidole, akaupindua ndani ya bakuli lenye zebaki, akatoa kidole. Zebaki ikashuka kidogo halafu ikagoma, ikasimama kwenye kama sentimita 76, juu yake pakabaki patupu. Ndo ugomvi ukaanzia hapo. Wasomi wa wakati ule walishiba mafundisho ya kale kwamba maumbile hayataki kabisa kitu kitupu, yanachukia ombwe, kwa hiyo wakasema pale juu si patupu, pamejaa mvuke wa hiyo zebaki.

Pascal alikuwa Rouen na baba yake, kijana wa miaka 23 hivi, mji una mafundi wazuri wa vioo. Akatengenezesha mirija ya futi 46, kama mita 15 hizo, akaifungia kwenye mlingoti wa meli ndo ikaweza kusimama. Mmoja maji, mmoja divai nyekundu. Kabla ya kupindua akawauliza wale wapinzani, haya semeni wenyewe, kipi kitashuka zaidi? Wakasema divai, maana divai ina mvuke mwingi kuliko maji kwa hiyo utaisukuma chini. Ikapinduliwa, divai ikasimama JUU zaidi ya maji. Kwa sababu ni nyepesi tu, basi. Mimi hapo ndipo nilipompendea, kwamba aliwafanya watamke kwanza.

Ila hiyo ilikuwa haijajibu swali la pili, nini kinaishikilia zebaki isianguke yote? Torricelli alishasema ni uzito wa hewa ya nje inayokandamiza bakuli. Pascal akawaza, kama ni uzito wa hewa basi juu ya mlima hewa ya juu yako ni kidogo, zebaki lazima isimame chini zaidi. Na kama ni maumbile kuchukia ombwe, haiingii akilini maumbile yachukie zaidi bondeni halafu mlimani yapunguze chuki. Clermont kwao kuna mlima Puy de Dôme, mita 1,465, ila yeye kwa wakati huo yuko Paris na mgonjwa, anatembea kwa magongo na hata kumeza maji ni tone kwa tone ya vuguvugu. Kwa hiyo Novemba 1647 akamwandikia Florin Périer, mume wa dada yake mkubwa Gilberte, anayeishi kulekule.

Shemeji alichelewa karibu mwaka mzima, mara kazi, mara hali ya hewa. Ila siku alipoifanya aliifanya haswa. 19 Septemba 1648 akakusanya mapadri na waheshimiwa wa mji, wakaanzia bustani ya watawa sehemu ya chini kabisa ya mji, mirija miwili, zebaki kutoka chombo kimoja. Yote miwili ikasimama sawasawa, kama sentimita 71. Sasa ticha hapa usiruke: mmoja waliuacha palepale bustanini na mtawa mmoja akapewa kazi ya kuutazama kutwa nzima kama utatingishika. Mwingine wakapanda nao. Juu kileleni ikasoma kama sentimita 62.7, yaani imeshuka karibu 8 na nusu. Wakabisha wenyewe macho yao, wakarudia mara tano, ndani ya kikanisa kidogo kilichokuwa kule juu, nje, kwenye upepo, kwenye ukungu, jibu lilelile. Wakati wa kushuka wakapima tena katikati ya njia, ikawa katikati ya zile mbili. Wamefika chini, mtawa anasema wa kwake haukusogea tangu asubuhi, na ule wa safari ukarudi palepale ulipoanzia.

Ule mrija wa bustanini ndo roho ya jaribio zima, bila huo mtu angesema tu hewa ya siku hiyo ilibadilika. Kwa hiyo waambie watoto wazo ni la Pascal, miguu ni ya Périer. Pascal alipopata barua akarudia kwa kimo kidogo kwenye mnara wa Saint-Jacques pale Paris kama mita 50, tofauti ikaonekana ndogo lakini ipo. Na mwanafalsafa Descartes akaja kudai kwamba wazo la mlima alimpa yeye, basi wasomi bana.

kijiti_cha_mwisho:
Mtawa kukaa na mrija bustanini kutwa nzima. Huyo ndo angepewa jina la kipimo.

mtu_wa_makete:
Sisi wa huku juu hii kitu tunaijua kwa sufuria. Maji yanachemka mapema kabla hayajafika 100, maharage yanakaa motoni mpaka mgeni anakata tamaa. Ni hewa hiyohiyo ya Pascal inakandamiza kidogo. Dar maharage mbegu ileile yanaiva upesi.

FundiBreki:
Mimi mambo ya mlima sina ila hiyo kanuni yake naishi nayo kila siku hapa gereji, ngoja nimwelekeze ticha kwa lugha ya kwetu. Mafuta ukiyafungia mahali hayana kona ya kujificha, ukiyasukuma upande mmoja presha inafika kila upande sawa, hata kwenye kipaipu kilichopinda mara sita. Breki ndo hivyo, unakanyaga pedo, masta silinda inasukuma mafuta, presha inafika magurudumu yote manne kwa pamoja.

Ila ikiingia hewa humo umekwisha. Hewa inabonyezeka, mafuta hayabonyezeki, sasa unakanyaga pedo badala ya kusukuma breki unabonyeza povu, pedo inazama kama godoro. Ndo maana tunatoa upepo, mmoja anapampu pedo mara tatu anashikilia, mwingine chini anafungua nati unaona mafuta yanatoka na mapovu, unafunga KABLA hajaachia mguu. Nilipokuwa naanza niliruka gurudumu moja la nyuma kwa haraka zangu, bosi akaenda kuijaribu akarudi na gari likiwa limesimama ndani ya mtaro na yeye ana matope mpaka magotini. Hakunifukuza ila nililala nikifikiria ile nati.

Jeki sasa. Ina pistoni ndogo unayoipampu na kubwa inayonyanyua. Tuseme ndogo kipenyo sentimita 2, kubwa sentimita 10. Watu wanasema mara tano, hapana, ni eneo, kwa hiyo mara 25. Ukikandamiza ile ndogo kwa uzito wa kilo 10 kubwa inanyanyua kilo 250. Ila hakuna cha bure, ili kubwa ipande sentimita 1 ndogo lazima ishuke jumla ya sentimita 25, ndo maana unapampu mpaka kwapa linauma.

mama_Nuru:
Fundi umeeleza vizuri kuliko lekchara wangu, na hilo la mwisho Pascal mwenyewe aliliandika. Kwenye kitabu chake cha mizani ya vimiminika, alichokiandika kufikia 1654 kikachapwa 1663 akiwa ameshakufa, anasema chukua chombo kimejaa maji kina matundu mawili, moja mara mia ya lingine, tia pistoni, mtu mmoja kwenye tundu dogo atatoshana nguvu na watu mia kwenye kubwa. Halafu akaongeza kwamba njia inarefuka kwa kiasi kilekile nguvu inavyoongezeka. Mashine yenyewe ya kufanyia kazi hakuijenga, ilikuja kusajiliwa na Mwingereza Joseph Bramah mwaka 1795.

Na ticha, utakutana na picha ya Pascal yuko ghorofani anamimina maji kwenye kimrija kirefu chembamba mpaka pipa la chini linapasuka. Fizikia yake ni sahihi kabisa, kinachojalisha ni kimo cha maji siyo wingi wake, ila kwamba yeye alilipasua pipa kweli hilo ni hadithi ya waliokuja baadaye, kwenye maandishi yake halimo. Usije ukaulizwa na kale kabinti.

dev_wa_uswazi:
Mi nijibu ya kompyuta. Baba yake, Étienne Pascal, alikuwa mtu wa kodi. Alishawahi kugombana na serikali ya Kardinali Richelieu kuhusu hela akatoroka kutoka Paris, akaja kusamehewa baada ya binti yake mdogo, Jacqueline, kuigiza mchezo mbele ya Kardinali akamwombea baba msamaha palepale. Msamaha ukaja na kazi, kukusanya kodi Rouen. Sasa hela ya Ufaransa ya wakati ule ilikuwa kichaa, livre moja ni sol 20, sol moja ni denier 12, jumlisha hayo kwa mkono usiku kucha kwa mshumaa. Dogo anamwona mzee anavyokonda, 1642 hajafika hata 20 akaanza kuunda mashine ya kujumlisha. Alijaribu kama mashine 50 mpaka ikakaa sawa, 1645 akaipeleka kwa Chansela wa Ufaransa.

Ilikuwa kiboksi cha shaba kama cha viatu vya mtoto, juu kina magurudumu unayazungusha kwa kijiti kama simu za zamani za kuzungusha, jibu linatokea kwenye vidirisha. Kazi ngumu ni kubeba, 9 ikienda 0 gurudumu la jirani lisogee moja. Kama 99999 ukiongeza 1 yote yanatakiwa kusogea, ukitegemea nguvu ya kidole yatakwama. Yeye akaweka kikono chenye uzito, kinapanda polepole gurudumu likizunguka, likipita 9 kinaanguka chenyewe na kuligonga la jirani. Nguvu inatoka kwenye kuanguka siyo kidoleni kwako. Mjanja yule.

Ubaya wake magurudumu hayarudi nyuma kwa hiyo kutoa haiwezi. Akatoa kwa kujumlisha! Mfano 85 toa 37. Chukua kilichobaki 85 kufika 99, ni 14. Jumlisha 37, unapata 51. Kilichobaki 51 kufika 99 ni 48. Jaribuni na namba yoyote. Kompyuta mpaka leo zinatoa kwa ujanja wa familia hiyohiyo ila kwa sifuri na moja. Na ni kwa heshima ya mashine hiyo ndo Wirth akaiita lugha yake Pascal. Kibiashara ilibuma, livre mia moja ilikuwa hela nyingi, zilizobaki duniani hazizidi kumi.

MzeeWaMkeka:
Mmesahau kubwa kuliko zote, huyu ndo babu wa watu wa mkeka!! 1654 rafiki yake mmoja mpenda kamari, Chevalier de Méré, alimletea swali: watu wanacheza, wa kwanza kushinda mara tatu anabeba mzigo wote, mchezo ukikatishwa katikati hela inagawiwaje? Pascal akaandikiana barua na Fermat, yule mwanasheria wa Toulouse, wakalimaliza.

Chukulia pool table pale baa. Kila mtu kaweka elfu 32, mezani elfu 64. Ubao ni mbili kwa moja, umeme ukakatika, mwenye baa anafunga. Wa mbili anasema nibebe yote, wa moja anasema kila mtu arudishiwe yake. Wote waongo. Pascal anasema cheza gemu moja ya kichwani. Aliye mbele akishinda anabeba 64. Akishindwa inakuwa mbili mbili, kila mtu 32. Kwa hiyo 32 ni yake kwa vyovyote vile, hiyo mpe. Iliyobaki 32 ni nusu kwa nusu, mpe 16. Jumla 48, mwenzake 16. Ziko hivyohivyo kwenye barua yake ya Julai 1654, tofauti yeye alitumia sarafu za pistole.

Nilivyoisoma hiyo nikaona kumbe kuna watu walikaa wakahesabu na mimi miaka yote naweka timu 14 kwa hisia.

kijiti_cha_mwisho:
Na bado Jumamosi utaweka.

MzeeWaMkeka:
Nimeshaweka

Sharifu_wa_Mrima:
Assalaam alaykum nyote. Ndugu zangu nawasoma kwa raha, lakini kwenye pembetatu tusidhulumu watu. Hiyo pembetatu ya namba, moja, chini yake moja moja, kisha 1 2 1, kisha 1 3 3 1, kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake, ilijulikana mapema sana. Al-Karaji wa Baghdad aliijua kiasi cha mwaka 1000, Omar Khayyam akaizungumza, na Iran hata leo wanaiita ya Khayyam. China wanaiita ya Yang Hui, mtu wa karne ya 13 ambaye naye alisema kaitoa kwa Jia Xian. Italia ni ya Tartaglia. Kila kijiji na mwenye kisima chake.

La haki ya Pascal ni kwamba aliikalisha chini akaihoji. Kitabu chake cha 1654, nacho kilitoka baada ya kufa, kimepanga tabia 19 za pembetatu hiyo moja baada ya nyingine, na ya 12 akaithibitisha kwa njia ambayo mwalimu wa kidato cha tano anaitumia mpaka leo: onesha mstari wa kwanza unakubali, kisha onesha mstari wowote ukikubali na unaofuata lazima ukubali, basi huna haja ya kuhesabu mpaka Kiyama. Kabla yake wapo walioigusa njia hiyo, lakini kuiandika wazi namna ile ni yeye.

Na tazama inavyokutana na meza ya mzee wa mkeka. Aliye mbele amebakiza kushinda moja, mwenzake amebakiza mbili. Gemu zilizobaki hazizidi mbili, basi nenda mstari wa 1 2 1, jumla yake nne. Katika njia nne tatu ni za aliye mbele, moja ya mwenzake. Robo tatu ya 64 ni 48. Jibu lile lile bila kufikiri sana. Mwaka mmoja, kichwa kimoja.

TichaWaKujitolea:
Dah, wakuu nimeishiwa maneno, naandika madokezo hapa. Sheikh Sharifu shukran sana, hiyo ya mstari wa 1 2 1 imenipiga. Sasa mnisaidie la katekista. Na mtu mgonjwa namna hiyo aliwezaje yote haya? Alisoma shule gani?

katekista_mstaafu:
Mwanangu, hakusoma shule yoyote. Mama yake alifariki yeye ana miaka 3, baba akawahamishia Paris 1631 akawafundisha mwenyewe nyumbani. Na hesabu alimzuia, vitabu vya jiometri akaviondoa ndani, alitaka mtoto amalize Kilatini na Kigiriki kwanza. Dada yake Gilberte, ndiye huyo mke wa shemeji, ameandika kwamba siku moja baba aliingia akamkuta mtoto wa miaka 12 amepiga magoti anachora sakafuni kwa mkaa. Hajui hata majina, mstari anauita fito, duara anaiita mviringo. Anatafuta kwa nini pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinakuwa sawa na pembe mraba mbili. Baba hakusema kitu, akatoka kwenda kwa rafiki yake machozi yanamtoka. Akarudi akampa kitabu cha Euclid. Baadaye akawa anamchukua kwa mtawa Mersenne, ambaye wataalamu wote wa Paris walikutana kwake, na akiwa na miaka 16 akatoa karatasi yake ya kwanza juu ya mikato ya pia, yaani maumbo yanayotokea ukikata umbo la koni.

Imani. 1646 baba aliteleza kwenye barafu akavunjika paja. Waliomtibu walikuwa ndugu wawili waganga wa mifupa, wakakaa nyumbani mle miezi, watu wa ibada kali wafuasi wa askofu Jansenius, nyumba nzima ikabadilika. Jacqueline akaenda kuwa mtawa Port-Royal. Blaise yeye akawa vuguvugu mpaka usiku wa 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu mpaka saa sita na nusu, akapatwa na jambo ambalo hakumsimulia mtu. Aliandika kikaratasi kinaanza na tarehe, kisha neno MOTO, Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka, wa Yakobo, si wa wanafalsafa. Akakishonea ndani ya bitana ya koti. Kila akibadili koti anafumua, anashona upya, miaka nane. Alipokufa mtumishi ndiye alisikia kitu kigumu kwenye nguo. Mimi nilipoisoma hiyo niliishika koti langu la kanisani bila kujua.

Baada ya hapo akawa anaandika vipande vipande kitabu cha kutetea imani, hakukimaliza, wenzake wakavikusanya vikatoka 1670. Ndimo ilimo ile ya kuweka dau kwamba Mungu yupo, ukipata umepata yasiyo na mwisho, ukikosa umepoteza kidogo. Mimi parokiani naitumia kwa uangalifu maana waumini wengine wanaigeuza bahati nasibu.

MzeeWaMkeka:
Katekista naona unaniangalia mimi

dev_wa_uswazi:
Na hata hapo hesabu haikumwacha. 1658 jino linamuuma usiku hapati usingizi, akaanza kufikiria mstari unaochorwa na msumari uliogongwa kwenye gurudumu linalobingirika ili asahau maumivu, mpaka asubuhi jino limetulia na hesabu imetoka.

Konda_Msomi:
Nimechelewa ila siwezi kupita. HUYU NDO ALIANZISHA DALADALA. Siyo masihara. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, yeye na Duke wa Roannez waliomba kibali cha mfalme wa magari ya farasi Paris, njia maalum, saa maalum, nauli moja sol 5, abiria 8 kila gari, na linaondoka muda ukifika hata kama halina mtu. Hapo kwenye hata kama halina mtu mjue hakuwahi kufanya kazi na tajiri wa Kibongo. 18 Machi 1662 la kwanza likatoka, kutoka lango la Saint-Antoine kwenda Luxembourg, madereva wana makoti ya bluu, watu wamejaa pembeni ya barabara wanashangaa.

Dada yake Gilberte kaandika siku chache baadaye kero ya kwanza: watu wanasimama barabarani wanasubiri, gari linakuja, limejaa. Mwaka 1662! Kero ya pili ni ya mahakama kuu yao ya Paris, wakapiga marufuku askari, watumishi na vibarua kupanda, yaani wale hasa wenye shida ya usafiri. Baada ya kama miaka 15 mradi ukafa. Yeye hakuona hata miezi sita, Agosti akaondoka. Na fungu lake la faida alitaka alichukue mapema awapelekee maskini wa Blois walioumwa na njaa.

kijiti_cha_mwisho:
Level seat 1662, sisi tumeipata juzi juzi na bado kuna wanaoning'inia

FundiBreki:
Ticha uliuliza namna ya kuwaonesha. Nenda duka la dawa nunua sindano mbili bila nido, moja ndogo kabisa moja ile kubwa ya 20, na mpira wa dripu. Jaza maji, unganisha. Mpe mtoto mdogo kuliko wote ile ndogo, mpe jitu la nyuma ile kubwa, sema sukumaneni. Usisahau kutoa upepo!!

TichaWaKujitolea:
Wakuu mrejesho. Leo Alhamisi nimeingia na sindano, jumla elfu moja na mia tano. Kabinti ka mbele kamepewa ndogo, nyuma nikamwita golikipa wa shule. Golikipa amesukuma mpaka shingo imetoka mishipa, kabinti kanasukuma kwa kidole gumba kimoja huku kanacheka, pistoni ya golikipa inarudi nyuma tu. Akaita mwenzake wasaidiane, mpira wa dripu ukachomoka maji yakaruka mpaka kwenye shati la mwalimu wa zamu aliyekuwa anachungulia dirishani.

Akaingia ndani. Nikajua nimeisha. Akasema lete hiyo kubwa nijaribu mimi.

FundiBreki:
Mpira ulichomoka kwa sababu hukuufunga waya. Funga waya mwembamba, zungusha mara mbili, kaza na plaizi. Mwalimu wa zamu alishinda?

TichaWaKujitolea:
Hakushinda. Amesema kesho tena.